Nani anapumzika saa ngapi nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye ndoa wa Lubumbashi

Maswali haya hurudi kila mara wenye ndoa wanapoketi pamoja huku Lubumbashi, Kongo, katika mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba: baada ya misa, kwenye likelemba (mchango wa zamu) ya akina mama, siku ya pili ya matanga, hata ndani ya taksi-basi. Pale ambapo watu hubishana nimejibu kwa kirefu, na pale ambapo jibu liko wazi nimepita haraka. Msimamo wangu nautaja mapema: katika nyumba, kitu cha kwanza cha kugawana kwa haki ni saa za mapumziko. Nani anaosha sahani ni swali linalokuja nyuma yake.

Kazi za nyumbani ni zipi hasa?

Kupika, kuchota maji, kuwasha mbabula (jiko la mkaa), kufagia uwanja, kufua, kupiga pasi, kwenda sokoni, kuogesha watoto na kuwatayarisha kwa shule, kumwangalia mgonjwa au mzee, kupokea wageni. Halafu kuna kazi ya kichwani, ambayo watu husahau kuihesabu: kujua unga uliobaki utafika lini, chanjo ya mtoto ni tarehe ngapi, nani hajala, shangazi yupi amefiwa na nani atampelekea kitu.

Wapo bado wanaosema "mama watoto hafanyi kazi, anakaa tu." Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi wa dunia nzima, wakikutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba huduma anazotoa mtu kwa ajili ya nyumba yake ni kazi, hata kama hakuna anayezilipa. Kwa hiyo jambo hilo limeshafungwa hata kwa wenye hesabu.

Je, ni kweli wanawake wanafanya zaidi, au ni malalamiko tu?

Ni kweli, na imepimwa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilikusanya vipimo vya nchi nyingi, ikaonyesha kwamba kwa wastani mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mwanaume hutumia saa 1 na dakika 23. Tofauti hiyo kwa wiki moja inazidi saa 21. Hakuna nchi hata moja iliyopimwa ambapo wanaume walifikia sawa na wanawake, si Ulaya wala Afrika. Na ukijumlisha kazi ya mshahara pamoja na ya nyumbani, siku ya mwanamke bado ndiyo ndefu.

Kuhusu maji, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2023 kwamba katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji uwanjani, wanaochota ni wanawake na wasichana. Ukitaka kuona hesabu hiyo kwa macho, simama saa kumi na mbili asubuhi karibu na bomba lolote la jumuiya pembezoni mwa jiji letu, uangalie nani ameshika bido (dumu la maji).

Mwanaume anachoka kazini siku nzima. Si haki apumzike akirudi?

Ni haki kabisa. Mtu aliyesukuma mkokoteni wa mahindi, aliyeendesha pikipiki juani au aliyeinama juu ya mashine saa nane, mwili wake unadai kupumzika. Hakuna anayepinga hilo, na mwanamke anayempokea bwana wake kwa maji ya kuoga na chakula cha moto anafanya jambo jema.

Shida iko kwenye hesabu. Bwana anaingia saa kumi na mbili jioni na kusema, "Minatoka ku kazi, minachoka." Bibi naye ameamka saa kumi na moja alfajiri, amewasha moto, amepeleka watoto shule, ameshinda kwenye meza yake soko la Kenya hadi alasiri, kisha amerudi kupika bukari (ugali). Siku ya bwana imefungwa saa kumi na mbili. Ya bibi itafungwa saa nne usiku, baada ya sahani kuoshwa na mlango kutiwa kufuli. Wote wawili wamechoka kwa haki, lakini mmoja ana saa nne za jioni na mwenzake hana hata moja.

Ndiyo maana nawashauri watu waache kushindana kuhusu nani alifanya kazi ngumu zaidi. Ubishi huo hauna mwisho, kwa sababu kila mtu anaujua mgongo wake mwenyewe. Ulizaneni swali ambalo saa ya ukutani inaweza kulijibu: leo kila mmoja wetu alikaa muda gani bila kazi?

Lakini mama naye hukaa na kupiga gumzo. Hayo si mapumziko?

Swali hili huulizwa na wanaume wa nia njema kabisa, kwa hiyo nataka kulijibu kwa utulivu.

Chukua Jumapili moja mchana pale Katuba. Watu wamerudi kanisani, wamekula. Bwana amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, simu sikioni, anafuatilia mechi ya Mazembe, timu ya mpira ya jiji letu. Hatua chache kutoka kwake, bibi ameketi kwenye kigoda na wifi yake, wanacheka. Ukipita njiani utasema wote wawili wanapumzika. Sasa angalia mikono. Juu ya magoti ya bibi kuna ungo wa maharage, anachambua vijiwe. Nyuma yake mbabula ina chungu, na kila baada ya muda anainuka kuongeza makala (mkaa). Mtoto anakuja: "Mama, shati yangu iko wapi?" Ni shati jeupe la shule, liko kwenye beseni, na lazima likauke na kupigwa pasi kabla ya giza kwa sababu kesho ni Jumatatu. Anainuka. Mgeni anabisha, anatakiwa kiti na maji ya kunywa. Anainuka tena. Mtoto mdogo amejikojolea. Mechi imekwisha, na muda wote huo hakuna aliyemwita bwana hata mara moja. Bibi hakukaa dakika kumi mfululizo.

Jioni ukiwauliza, wote wawili watakujibu kwa moyo safi: "Leo tulipumzika."

Wanaopima matumizi ya wakati wanaijua tofauti hii. Katika daftari zao kuna nafasi ya shughuli kuu na nafasi ya shughuli ya pili inayofanyika wakati uleule, na wanaangalia pia muda wa mapumziko unakatwa mara ngapi. Utafiti mkubwa wa kwanza wa namna hiyo ulioshirikisha nchi nyingi ulifanyika katikati ya miaka ya 1960, katika nchi 12, ukiongozwa na Alexander Szalai wa Hungaria. Tangu hapo jambo moja limeonekana mahali pengi: muda wa mapumziko wa wanawake, zaidi ya kuwa mfupi, umekatika vipande vipande. Kwangu mimi, mapumziko ni muda ambao mtu hangojewi na chungu wala mtoto.

Si ndivyo mababu walivyopanga? Jikoni ni pa mwanamke tangu zamani.

Mababu wa nani, na zamani ipi? Katika vijiji vingi vya Katanga mwanamke alikuwa mkulima kabla ya kuwa mpishi. Mwanaume alikata miti, akawinda, akavua, akajenga. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna, na ghala lilikuwa na neno lake ndani. Kazi ziligawanywa, ndiyo, na mgawanyo huo nao ulikuwa na uonevu wake. Lakini mama anayekaa nyumbani akingoja mshahara wa bwana mwisho wa mwezi hakutoka kijijini.

Alitoka kambini. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, jiji letu likaanzishwa mwaka 1910. Miaka ya mwanzo kampuni ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mpango: ikataka mfanyakazi akae miaka, tena aje na bibi yake na watoto. Ikajenga kambi, ikagawa posho ya unga na chakula kingine, na wake wa wafanyakazi wakafundishwa kushona, kupika, usafi na malezi ya watoto. Mshahara ulipewa baba, nyumba ikapewa mama. Vizazi viwili vitatu vilikua hivyo, na wajukuu wao wakaamini kwamba mambo yalikuwa vile tangu kuumbwa kwa dunia.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa hapa wanalikumbuka vizuri. Katika nyumba za Wazungu za Élisabethville, jina la zamani la jiji letu, aliyepika, aliyefua, aliyepiga pasi na kutandika vitanda alikuwa mara nyingi mwanaume: boyi. Wengi wetu tuna babu aliyekuwa boyi, na alijivunia ujuzi wake. Alijua kukaanga, kuoka mkate, kunyoosha kola ya shati. Hakuna aliyesema uanaume wake umepungua, kwa sababu alilipwa. Hata leo, ukienda kula michopo (nyama ya kuchoma) jioni, anayekata nyama ya mbuzi na kuigeuza juu ya moto ni mwanaume. Basi mkono wa mwanaume unajua moto. Kinachokataliwa ni kupika bure, nyumbani, kwa ajili ya watu wake mwenyewe. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Ule mpango wa kambi wenyewe ulishavunjika. Katika miaka ya 1990 mishahara ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilianza kukosekana miezi na miezi, na mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Nani alilisha familia miaka hiyo? Akina mama: kwa unga, kwa makala, kwa maandazi, kwa safari za biashara za Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Walibeba nusu ya baba ya ule mkataba wa kambini, na nusu ya mama hawakupunguziwa hata kijiko kimoja.

Kwa nini kazi za nyumbani zinakula muda mwingi hivi kwetu?

Kwa sababu sehemu kubwa inafanyika kwa mikono, bila umeme wa uhakika na bila maji ya uhakika. Kuwasha mbabula mpaka makala yashike ni robo saa, na msimu wa mvua, makala yakiwa na unyevu, ni nusu saa ya kupepea. Maharage ni saa mbili au tatu. Sombe (majani ya muhogo) lazima ichambuliwe, itwangwe au ipelekwe kwenye mashine, kisha ichemke muda mrefu. Umeme unapokatika mchana na kurudi usiku wa manane, anayeamka kupiga pasi ni mtu mmoja, kila mara yuleyule. Mahali ambapo maji hutoka usiku tu, kuna anayelala huku sikio lake likingoja bomba. Kiangazi nacho kinaleta vumbi jekundu kila mahali, na sakafu iliyofagiliwa asubuhi inadai tena saa sita.

Kwa hiyo fedha ikipatikana kidogo, nashauri inunue muda kabla ya kununua televisheni kubwa. Pipa zuri la kuhifadhi maji linaondoa safari za kila siku. Mbabula iliyoboreshwa inapunguza makala na muda wa kupika. Chupa ya kutunza maji ya moto inaokoa moto wa asubuhi.

Tutajuaje hali ya nyumba yetu ikoje?

Chukueni daftari la mtoto, karatasi moja kwa bwana, moja kwa bibi. Andikeni saa kuanzia kuamka hadi kulala, kwa vipande vya nusu saa. Kila mmoja aandike alichofanya, na pembeni aandike kama alikuwa anafanya kitu kingine wakati huohuo. Fanyeni siku mbili: moja ya kazi, na Jumapili. Asiyeandika amwambie mtoto mkubwa amwandikie.

Usiku wa pili kaeni muhesabu kitu kimoja tu, nusu saa za mapumziko matupu. Msihesabu kazi, mtagombana. Mwanaume anayeiona karatasi ya bibi yake kwa mara ya kwanza mara nyingi hunyamaza, kwa sababu vitu vingi vilivyoandikwa pale vilikuwa vinafanyika wakati yeye amelala au ametoka. Mwanamke naye huona mambo ambayo hakuwa akiyahesabu: bwana kungoja gari la kazi gizani, kupanda juu kutengeneza bati, kwenda kumtetea mtoto kwa mkuu wa shule. Hayo nayo yaandikwe.

Bwana yangu ananisaidia, lakini bado nachoka. Kwa nini?

Kwa sababu anafanya unapomwambia, na kumwambia nako ni kazi. "Nichote maji? Bido ngapi? Niweke wapi? Bido la bluu liko wapi?" Mpaka umalize kujibu, ungekuwa umeshafika bombani. Dawa yake ni kumkabidhi mtu jambo zima badala ya kipande. Kama maji ni ya bwana, basi ni ya bwana tangu kujua pipa limefika nusu hadi kulijaza, na siku bomba likikauka yeye ndiye anayehangaika kutafuta kwa jirani mwenye kisima. Kama asubuhi ya shule ni yake, basi viatu, daftari, uji na saa ya kutoka ni vyake. Wewe usimsimamie mlangoni. Akiweka chumvi nyingi siku mbili, siku ya tatu atapima vizuri.

Majirani na mama mkwe watasema nimemlisha dawa.

Watasema. Mwanaume akionekana anaanika nguo uwanjani, kesho yake mtaa mzima unajua kwamba bibi yake alienda kwa mganga. Maneno haya yanaumiza kwa sababu yanawapiga wote wawili: yeye anaambiwa amerogwa, wewe unaambiwa mchawi.

Lililosaidia nyumba nyingi ni bwana mwenyewe kusema, mbele ya mama yake, kwa heshima yote: "Mama, ni mimi nilitaka. Nyumba ni yangu na watoto ni wangu." Neno hilo likitoka kwa bibi linakuwa ugomvi. Likitoka kwa mwana, mama husikiliza, hata kama atanung'unika kidogo. Nyumba zingine huanzia ndani, mahali pasipoonekana: kuogesha watoto usiku, kupika jioni. Nguo za uwanjani zinafuata baadaye.

Tuna msichana wa kazi. Tatizo si limekwisha?

Limehamia kwake. Mara nyingi ni mtoto wa ndugu aliyetoka kijijini, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Naye aandikwe kwenye lile daftari, apewe siku yake ya kupumzika kila wiki, na kama umri wake ni wa shule, aende shule.

Bwana hana kazi, mimi ndiye ninayeuza sokoni. Nani afanye za nyumbani?

Mwenye muda. Najua si rahisi. Mwanaume aliyepoteza kazi ameshapoteza jina lake mbele ya wenzake, na kufagia kunamwonyesha kile alichopoteza. Msimpige kwa maneno. Lakini mama hawezi kushinda soko la Mzee juani na bado aje kuwasha moto saa moja usiku wakati mtu mzima alikuwa nyumbani siku nzima. Anzeni na jambo moja analolijua, mara nyingi watoto na masomo yao ya jioni, halafu moto uwe umewashwa kabla mama hajafika.

Yeye yuko mgodini Fungurume au Kolwezi, anarudi kwa siku chache za mapumziko.

Mwacheni alale siku ya kwanza. Baada ya hapo kumbukeni kwamba wiki zote alizokuwa mbali, aliyebaki alikuwa baba na mama kwa wakati mmoja, tena bila zamu. Katika siku zake za nyumbani, bibi naye apate angalau siku moja ya kutoka mwenyewe.

Wavulana na wasichana wafanye kazi sawa?

Ndiyo, kulingana na umri. UNICEF ilionyesha mwaka 2016 kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 kwenye kazi za nyumbani kuliko wavulana wa umri huo. Hapo ndipo yote huanza: Jumamosi, kaka anatoka na mpira, dada anabaki na beseni.

Timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2024 kule Morocco. Jiji zima lilishangilia, na mimi nilifurahi sana. Kila mmoja wa mabinti wale aliwahi kuwa mtoto aliyehitaji saa mbili za kwenda kufanya mazoezi. Kama tunataka wengine, tuwape saa hizo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilirekebishwa mwezi Julai 2016. Bwana amebaki kuwa mkuu wa nyumba, lakini ile ruhusa ambayo bibi alilazimika kuiomba kwake kabla ya kufanya tendo la kisheria imeondolewa. Hakuna kifungu kinachompa mwanamke ufagio.

Na Biblia? Mhubiri anatuambia tuige mwanamke wa Mithali 31 anayeamka usiku.

Msome sura yote. Mwanamke yule ana wajakazi, ananunua shamba, anauza nguo, na bwana wake anamsifu waziwazi. Anayetaka bibi wa namna hiyo aanze na wajakazi.

Ni lazima iwe nusu kwa nusu?

Kazi, hapana. Mmoja akipenda kupika na mwenzake akipenda kwenda sokoni, sawa. Mama anayenyonyesha au mwenye mimba apunguziwe bila mjadala, na mgonjwa vilevile. Mapumziko ndiyo yakaribiane, tukiyapima kwa wiki nzima.

Nianzeje mazungumzo bila ugomvi?

Usianze akiwa na njaa, wala mbele ya watoto au ya wifi. Usianze na "wewe huwa hufanyi kitu." Chagua jioni tulivu, mwite kwa heshima mliyozoea, "baba watoto," umweleze unachohitaji kwa saa na siku: "Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nataka kwenda kwaya, na watoto wabaki na wewe." Ombi lenye saa linaweza kujibiwa ndiyo au hapana. Akisema hapana, uliza ni saa ngapi basi inawezekana, na usiondoke pale bila saa.

Mwanamke akipata muda huo, aufanyie nini?

Anachotaka. Wengi huanza kwa kulala, kwa sababu deni la usingizi ni la miaka. Wengine hurudi kwaya, huenda kumwona dada Kipushi, husukwa nywele taratibu bila mtoto mgongoni, au huketi tu. Jihadharini na mtego mmoja: muda huo usigeuzwe haraka kuwa meza nyingine ya biashara, kwamba "sasa una nafasi, uza na maji baridi." Na akirudi, asihojiwe alikuwa wapi dakika kwa dakika. Bwana akirudi kutoka kwenye mechi huulizwa tu nani alishinda.